Kona ya Ushairi: Hapo Shairi Limegeukia Wapi?

Meseji za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinazunguka palepale, sijui ni mitihani imesogea au ni baridi hii ya Dodoma inawafungia watu ndani na vitabu. Nimechukua sita. Nyingine nimezifupisha, sababu kuna mwenzetu aliandika salamu ukurasa mzima kabla hajafika kwenye swali.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, naishi Nkuhungu. Tulipewa shairi tuonyeshe linapogeuka. Nikalisoma, nikakuta neno "lakini" ubeti wa tatu, nikapigia mstari nikaandika "shairi linageuka hapa". Nimepata mbili kati ya kumi. Sasa alikuwa anataka nini tena, si neno lenyewe lipo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo mbili ni za "lakini", hajakuonea. Nane zilizobaki ni za kitu ambacho hukukiandika, yaani lilikuwa linaelekea wapi kabla ya hapo na baada ya hapo limeelekea wapi. Ukisema tu "linageuka" ni sawa na kumwambia mtu basi limekata kona, atakuuliza lilikuwa linaenda Singida au Morogoro?

Mimi nashauri hivi, achana kwanza na kutafuta mgeuko. Soma beti mbili za mwanzo ujiulize shairi linanizoesha nini. Maana kila shairi lina mazoea yake, kuna anayesema, kuna anayeambiwa, kuna wakati (mambo yalikuwa, yako, au huwa), kuna vina (silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo), kuna mizani (hesabu ya silabi), kuna hali ya moyo, mtu anasifu, analalamika, anatania. Ukishayajua mazoea, siku yakivunjwa utashtuka mwenyewe hata pasipokuwa na "lakini" wala "bali" wala "ila". Na kinyume chake pia kipo, unaweza kukuta "lakini" sita kwenye shairi moja na hakuna hata moja iliyogeuza kitu, mtunzi alikuwa anatafuta mizani tatu za kuzibia tu, wale wanaotunga wananielewa.

Sasa ili nisigombane na mtu kuhusu shairi la mwingine nimetunga langu, tarbia (kila ubeti mishororo minne), beti tatu. Mwenye nyumba anamwambia mgeni:

Karibu ndugu mgeni, umetoka njia mbali,
Tua mzigo nyumbani, uko mtama na wali,
Maji yapo mtungini, kunywa utulize hali,
Mlango huu u wazi, hapana wa kuzuia.

Siku zimefuatana, nawe hukushika jembe,
Sisi shamba twapambana, wewe walinda kikombe,
Na leo nakuta tena, umechinja wangu ng'ombe,
Mlango huu u wazi, hapana wa kuzuia.

Umekwenda bila neno, kiti kimebaki peke,
Watoto wataka ngano, nani tena wamcheke,
Rudi tupane mikono, tuketi tuburudike,
Mlango huu u wazi, hapana wa kuzuia.

Tafuta "lakini" humo, haipo. Na bado shairi limegeuka mara mbili, tena kwa nguvu. Angalia kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaojirudia kila ubeti, hakijabadilika hata herufi. Ubeti wa kwanza mlango uko wazi maana yake ingia. Wa pili mlango uleule uko wazi, toka! Wa tatu uko wazi, jamani rudi. Wanafunzi wengi wakifika kwenye kibwagizo wanakiruka, wanasema "si kimejirudia", wakati kwa mashairi yetu ya kimapokeo hapo ndipo pa kusimama kabisa, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho hakijasogea, kwa hiyo kinakuonyesha vingine vyote vimesogea kiasi gani.

Halafu shuka chini kwenye vitu vidogovidogo. Ubeti wa kwanza anaitwa "ndugu mgeni", wa pili hana jina, ni "wewe" tu, na ghafla imezuka "sisi" ambayo mwanzo haikuwepo, yaani familia imejikusanya upande mmoja na mgeni kaachwa upande wa pili. Ubeti wa kwanza umejaa vitu vya mwenyeji anavyotoa kwa hiari, mtama, wali, maji. Wa pili kuna kitu kimechukuliwa, na hapa kwetu Ugogoni ukisema ng'ombe kachinjwa bila mwenyewe kujua hutakiwi kueleza zaidi. Wa tatu kila kitu ni pengo, kiti hakina mtu, watoto wanataka ngano, yaani hadithi, na hawana msimulizi. Ona pia "rudi tupane mikono", sasa wako wawili tena, "tu-" imehama kutoka kwa familia ikaenda kwa mwenyeji na mgeni. Hapo ukiandika sentensi tatu nne za namna hii mwalimu wako anakupa alama zake bila kinyongo.

Na kuna mtego nikuonye. Kina cha kati na cha mwisho kwenye shairi langu vinabadilika kila ubeti, ni/li, halafu na/mbe, halafu no/ke. Huo siyo mgeuko, huo ni ukaraguni, ndiyo mazoea ya shairi lenyewe. Ila ukikutana na mtiririko, vina ni vilevile ubeti wa kwanza mpaka wa saba, halafu wa nane vikabadilika, hapo simama uulize kulikoni. Na msuko vilevile, mshororo wa mwisho kuwa mfupi kila ubeti ni desturi yake, wala usijisumbue kuandika aya nzima kuhusu huo ufupi. Kinachotokea kila mara ni mazoea, kinachotokea mara moja ndicho kina sababu.

Mtego mwingine ni ubeti wa mwisho. Mashairi mengi ya magazetini, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza 1923 mpaka leo, yanafunga na ubeti wa "tamati nimefikia, kalamu naweka chini", mtunzi anataja jina lake na mji wake anaaga. Msemaji anaanza kuongea na wasomaji, kweli, sauti imebadilika, lakini wazo halijaenda popote, ni mtu anavaa viatu aondoke. Usiupe uzito huo.

SWALI: Habari za kazi mwalimu mwenzangu. Nafundisha Mpwapwa. Darasani tulikuwa na ubishi, vijana wanasema ngonjera yote ni mgeuko kwa sababu wanasema watu wawili na kila mmoja anapinga. Mimi nikasema huo ni ukinzani siyo mgeuko, wakanishinda kelele. Nani yuko sawa?

JIBU: Salama kabisa. Wewe uko sawa, ila vijana nao wameshika nusu ya jambo, usiwavunje moyo. Ukinzani ni vitu viwili kuwekwa pamoja vikapingana, mgeuko ni kitu kimoja kuacha njia yake. Ukinzani unaweza kukaa ubeti wa kwanza mpaka wa ishirini bila chochote kugeuka, fulani anasema kilimo, fulani anasema biashara, wanapishana tu kama ilivyopangwa. Hiyo kupishana ndiyo mazoea ya ngonjera.

Na tukizungumzia ngonjera tuko nyumbani, sababu Mathias Mnyampala aliyeikuza mpaka ikajulikana nchi nzima alikuwa Mgogo wa hapa Dodoma, alizaliwa 1917 akafariki 1969. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zikawa chombo cha kufundishia siasa ya ujamaa mashuleni na mikutanoni, watoto wanasimama mbele, mmoja anauliza au anapinga na mwingine anaelimisha. Kwa kazi ile mwisho ulijulikana kabla ya mwanzo, asiyejua lazima aelewe. Kwa hiyo swali zuri la kuwapa vijana wako siyo "kuna mgeuko?" maana upo, swali ni mpingaji alilegea kwenye mshororo gani na kwa hoja gani. Nenda nao ubeti kwa ubeti upande wa mpingaji tu, wa mwelimishaji uuweke pembeni kwa muda. Utaona mwanzo anasema kwa kukataa, "sikubali", "si kweli", katikati anaanza kuuliza, "mbona", "je", mwisho anaomba, "nieleze", "nifundishe". Kukataa, kuuliza, kuomba. Mgeuko wenyewe mara nyingi uko pale anapouliza swali la kwanza la kweli na wala siyo pale anaposema "nimekubali", pale alishakubali zamani anatoa taarifa tu. Na kama mpingaji karuka kutoka "sikubali" mpaka "nimekubali" bila kitu katikati, basi hapo waambie vijana wazi kabisa, ngonjera hii ni dhaifu, hata kama ujumbe wake ni mzuri.

Kuhusu ukinzani wenyewe, kama unataka mfano mzito wape Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, lugha yake ni ya pwani ya kaskazini itabidi uwe na sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, pembeni. Mtunzi anaongea na moyo wake mwenyewe na anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate. Ujanja wake ni kwamba hakuweka kasri hapa na kibanda kule. Kaweka nyumba ileile, chumba kilekile. Madaka ya ukutani yaliyokuwa yanapangwa sahani za thamani sasa wanalala makinda ya ndege, juu wananing'inia popo, ndani anakoroma bundi. Mahali hapajahama, wakati ndio umehama, na ndiyo maana inauma. Mtunzi angelinganisha nyumba ya tajiri na ya maskini wa mtaa wa pili ungekuwa ukinzani pia lakini wa kawaida, tungesoma tukaendelea na chai.

SWALI: Mwalimu hujambo. Mimi ni mama, nipo Kikuyu hapahapa Dodoma. Binti yangu yuko chuo anasoma fasihi ya Kiingereza, kila akija nyumbani ananiambia eti mashairi ya Wazungu yana volta, mahali rasmi pa kugeukia, na yetu hayana mpangilio huo. Mimi nimeghani mashairi tangu shule ya msingi, ananiudhi. Nimjibu nini?

JIBU: Sijambo mama, pole na msomi. Mwambie kuhusu Wazungu kasema kweli, kuhusu sisi kakosea. Kuna aina moja ya shairi lao, soneti, lina mishororo 14. Kwa Waitaliano, kwenye namna iliyopata sifa kupitia Petrarch, mishororo 8 ya kwanza inaweka jambo, 6 inayofuata inaligeuza, kwa hiyo msomaji anajua kabisa nikifika wa tisa nikae mkao. Kwa Shakespeare mara nyingi ni nne, nne, nne, halafu mbili za kufungia, na geuko kubwa linaweza kungoja mpaka hizo mbili. Ile soneti yake ya 130, katika zilizochapwa 1609, mishororo 12 mtu anamsema mpenzi wake, macho si kama jua, midomo si myekundu kama marijani, nywele kama nyaya nyeusi, pumzi nayo basi tena, halafu mbili za mwisho anaapa kwamba pamoja na hayo yote penzi lake ni la nadra sawasawa na la yeyote anayesifiwa kwa uongo. Kumbe alikuwa anawacheka washairi wenzake siku zote, siyo mwanamke.

Ila ajue na hii, tarbia yetu ina sehemu zake rasmi pia. Kila mshororo umekatwa kati, ukwapi (nusu ya kwanza) huku, utao (nusu ya pili) kule, mizani 8 kwa 8, na pale kati pana kituo cha pumzi. Mtunzi mzuri anaweza kukugeuza hapo mara nne ndani ya ubeti mmoja. Jaribu kumghania huyu binti: "Nilimpa shamba langu, akanilipa kwa jembe". Ukwapi ni ukarimu, utao umeuharibu, na sikio limegundua kabla kichwa hakijafikiri. Halafu kuna kile kibwagizo nilichoeleza juu. Tofauti ni kwamba soneti inakupa miadi na ya kwetu inakuvizia. Mimi napenda ya kuvizia, ila mimi nimekulia hapa, msinisikilize sana.

SWALI: Mimi napenda mashairi huru, hayana vina hayana mizani hayana kibwagizo. Sasa hayo mazoea unayoyasemaga yako wapi? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Yapo, ila yametengenezwa kwa vitu vingine. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe diwani yake ya mashairi huru, Kichomi, mwaka 1974 watu wamebishana kama hayo ni mashairi au la, mimi ubishi huo umenichosha nauruka. Soma haka kadogo nimekaandika jana usiku:

Baba alikuwa na baiskeli,
alikuwa na kofia,
alikuwa na redio ya betri inayokoroma,
alikuwa na safari ya Kibaigwa kupeleka mahindi.
Baiskeli ipo.

Hakuna kina hata kimoja kilichopangwa. Mazoea ni "alikuwa na", yamekuja mara nne, na kila yakija mshororo unazidi kurefuka kuanzia ile kofia, unamsikia mtu anakumbuka anapata moto. Halafu maneno mawili. Wakati umebadilika, urefu umebadilika, na mwenyewe, yule baba, ametoka kwenye sentensi. Hakuna aliyesema amekufa. Ukiulizwa shairi limegeuka wapi utajibu mshororo wa tano, ukiulizwa kwa ushahidi gani utasema "-likuwa" imekuwa "ipo" na mmiliki hayupo tena. Kwa hiyo kwenye shairi huru fuata marudio, fuata urefu wa mishororo, fuata nafasi tupu ambazo mtunzi kaziacha kwenye karatasi, na fuata njeo, yaani viambishi vya wakati, hizi -li-, -me-, hu-, -ta-, -nge-. Mtunzi anaweza kukuficha mambo yote ila njeo haifichiki. Mtu aliyekuwa anasema "nitajenga" akianza kusema "ningejenga", shairi limeshageuka hata kama bado anachekacheka.

Kinachosumbua kidogo ni kejeli, kwa sababu pale maneno yanabaki ya sifa mwanzo mwisho. Dalili yake ni sifa kuzidi. Mheshimiwa kasifiwa kwa barabara, sawa, kwa visima, sawa, akianza kusifiwa kwa kuleta mvua ya Desemba ujue tumeshahama.

SWALI: Mwalimu naomba fomula fupi ya kuandika kwenye mtihani, muda hautoshi. Kidato cha nne.

JIBU: Fomula sina, ila sentensi ninayo, jaza mwenyewe: "Beti za mwanzo msemaji ana... , inaonekana kwa... ; kuanzia ubeti wa... ana... , inaonekana kwa... ; badiliko hili linafanya dhamira ya... ionekane..." Kile kipande cha mwisho ndicho mnakiachaga. Mnataja fani, tarbia, mizani kumi na sita, tashbiha, tashihisi, mnafunga, kama mnahesabu mbuzi mnadani, halafu maudhui mnaanza ukurasa mwingine kana kwamba ni shairi jingine. Mgeuko ni mahali pazuri pa kuunganisha hivyo viwili, tumia nafasi hiyo.

SWALI: Kaka mwalimu, mimi natunga, niko Kongwa. Nina shairi la beti 14 kuhusu pikipiki yangu iliyonifia njiani. Kibwagizo ni "Safari ni hatua, kesho nitafika tu". Ubeti wa mwisho nataka nikibadilishe kiwe "sitafika tena", inafaa au nitaonekana nimekosea kanuni?

JIBU: Hakuna atakayekufunga mdogo wangu. Kukivunja kibwagizo mwishoni kunaruhusiwa na kunaweza kupiga vizuri sana, ila ni karata ya kucheza mara moja. Kwanza jaribu kukiacha kilivyo. Weka ubeti wa mwisho jua linazama, hakuna gari linalopita, simu imezima, halafu uje na "kesho nitafika tu" ileile. Inaweza kuuma zaidi kuliko "sitafika tena", sababu msomaji ndiye atakayejisemea hafiki, hukumwambia wewe. Andika zote mbili, mghanie mtu ambaye hajui habari hiyo usikie anaguna wapi. Na ukwapi wako una mizani saba, hesabu: sa-fa-ri-ni-ha-tu-a. Weka "Safari yetu hatua" zitimie nane. Utao nao ni saba, ke-sho-ni-ta-fi-ka-tu, utafutie moja. Halafu beti 14 kwa pikipiki moja ni nyingi, toa zile nne zinazoeleza plagi.